Victor Duruy, Mwana wa Mfumaji

Katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, ambako mazulia ya kutundikwa ukutani yalifumwa kwa ajili ya majumba ya wafalme, fundi huketi upande wa nyuma wa kazi yake, akipitisha nyuzi za sufu na hariri, wala sura ya picha haioni ila katika kioo kilichowekwa mbele yake. Baba yake Victor Duruy, aliyezaliwa mwaka 1811, alikuwa mmoja wa mafundi hao, na mtoto aliandaliwa kuurithi ufundi huo. Lakini akili yake ilimfikisha chuo cha École normale supérieure, akasoma kwa mwanahistoria Michelet, kisha akasomesha historia miaka mingi, akitunga vitabu vya wanafunzi pamoja na tarikhi ndefu za Warumi na Wayunani.

Tarikhi hizo hazina wasomaji wengi siku hizi, na sioni kuwa ni dhuluma. Fadhila yake ni nyingine. Kaizari Napoleon III, ambaye alikuwa akiandika sira ya Julius Caesar na kumtaka shauri mwanachuoni huyu, alimfanya waziri wa elimu mwaka 1863. Duruy akairudishia falsafa heshima yake madarasani, akaingiza historia ya zama zake mwenyewe, somo ambalo watawala wengi hulihofu, na mwaka 1868 akaasisi chuo cha École pratique des hautes études.

Mwaka 1865 alitangaza katika gazeti la serikali rai yake kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima na bila ada. Siku ya pili yake gazeti lile lile likaeleza kuwa hayo yalikuwa mawazo ya waziri peke yake. Mwingine angalijiuzulu. Yeye alistahamili, na sheria ya Aprili 1867 ikalazimisha kila mji au kijiji chenye watu zaidi ya 500 kuwa na shule ya wasichana. Alipoanzisha na darsa za sekondari kwa mabinti, Askofu Dupanloup wa Orléans alimshambulia kwa kalamu kali, ilhali Malkia Eugénie aliwapeleka wapwa wake kusikiliza darsa hizo Sorbonne.

Aliondolewa wizarani mwaka 1869. Elimu bila ada na ya lazima ilipatikana kwa sheria za mwanajamhuri Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882, naye Duruy, aliyefariki mwaka 1894, aliishi kuyaona matakwa yake yakitimizwa na watu wale wale walioungoa ufalme alioutumikia.