Mcheza Kwao Hutunzwa: Mwaka wa Tuzo za Filamu na Vipaji Vyake

Neno tuzo lina umri mkubwa kuliko sinema. Asili yake ni kutuza, desturi ya ngomani ambayo kwayo mchezaji aliyependeza hufuatwa uwanjani na kupewa fedha au kuvishwa kitambaa mbele ya watu wote. Ndipo wahenga waliposema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Katika desturi hiyo yamo mambo matatu: mtuzaji amemwona mchezaji kwa macho yake mwenyewe, mtuzaji anamjua mchezaji kwa jina, na zawadi hutolewa papo hapo ngoma ilipochezwa. Mwaka 2021 Bodi ya Filamu Tanzania ilipoanzisha tuzo za filamu za taifa, desturi ya uwanjani iliingizwa katika shughuli za dola. Yafaa basi kupima jinsi mambo matatu hayo yalivyokuwa katika historia ya filamu nchini, na jinsi yanavyoonekana kwa mtu aliye mbali na miji mikubwa, kama vile mkazi wa Kibaoni katika mkoa wa Katavi.

Filamu zilianza kutengenezwa Tanganyika kwa mpango maalumu mwaka 1935, Vugiri katika milima ya Usambara. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Hadi mwaka 1937 kazi ilipokoma, zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo ya namna hiyo. Zilichukuliwa kwa lori na kuonyeshwa nchi baada ya nchi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waigizaji walikuwa Waafrika, nao ndio waliobeba hadithi usoni na mikononi mwao. Lakini majina ya wakuu yameandikwa vitabuni, na majina ya waigizaji yamepotea karibu yote. Waliotazama waliwaona, hawakuwajua. Hivyo sinema ilianza nchini kwa kutenga mambo ambayo ngoma ilikuwa imeyaunganisha: mchezo ulionekana mahali ambapo mchezaji hakuwapo, wala hapakuwa na njia ya kumtuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili, na mojawapo ni Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa. Huyu jina lake halikupotea. Lakini sababu ya kutopotea kwake yastahili kuangaliwa vyema. Kawawa aliiacha sinema, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009, taifa lilimlilia kwa utumishi wake wa siasa. Uigizaji wake unakumbukwa kama pambo la maisha ya kiongozi. Lau angalibaki mwigizaji tu, pengine jina lake lingaliwafuata wenzake wa Vugiri. Katika zama zile kipaji kilihitaji cheo ili kikumbukwe.

Baada ya uhuru dola ilishika sinema kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ambayo ilitoa filamu kama Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Kwa mkono wa pili ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, iliyoweka bodi ya kukagua kila picha kabla ya kuonyeshwa. Mkaguzi huitazama filamu kwa makini kuliko mtazamaji yeyote, lakini hutafuta la kukata. Kwa hiyo sifa ya kwanza kubwa ilitoka nje: Arusi ya Mariamu ilipata tuzo Ouagadougou mwaka 1985, katika tamasha la FESPACO. Mwaka 1998 Zanzibar ilianza tamasha lake la kimataifa la filamu. Mwaka 2001 filamu ya Maangamizi ikawa ya kwanza kupelekwa kwa jina la Tanzania kushindania Oscar. Wakati huo televisheni, ambayo Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na kanda za video zilikuwa zimekwisha kufungua mlango mwingine. Michezo ya kuigiza iliingia sebuleni, na filamu ziliuzwa sokoni kama vitenge. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika Dar es Salaam ulithibitisha kwamba sasa mwigizaji aliweza kujulikana kwa uigizaji wake peke yake.

Kwa hiyo mwaka 2021 haukuzaa vipaji, uliwapa daftari. Bodi ile ile iliyorithi kazi ya ukaguzi ndiyo iliyosimamia utoaji wa tuzo. Jambo hilo lina uzito wake, kwa maana jicho lililozoea kutafuta kosa lilitakiwa lijifunze kutafuta uzuri. Tena sherehe hazikufanywa Dar es Salaam, bali Mbeya, na mwaka uliofuata Arusha. Mwaka huo huo wa 2021 zilitokea filamu mbili zilizoonyesha kwamba kizazi kipya kimekomaa. Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte, ilisimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Vuta N'kuvute, ambayo Amil Shivji aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwezi wa Septemba. Na mwaka 2022 ikawa filamu ya pili ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, miaka 21 baada ya Maangamizi. Yasmini wa riwaya alipata uso wa Ikhlas Gafur Vora, na Denge uso wa Gudrun Columbus Mwanyika. Majina hayo yamekwisha kuandikwa. Hayatatafutwa kwa tochi kama yale ya Vugiri.

Sasa na itazamwe Kibaoni. Kijiji hiki kimo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Nchi yake ilihesabiwa katika mkoa wa Rukwa tangu 1974 hadi mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Maana ya jina lake ni mahali penye kibao, na kibao huwekwa ili mpita njia ajue aendako. Jina la Kibaoni lilisikika sana nchini kwa kuwa ni nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hadi 2015. Yaani kijiji kilijulikana kwa njia ile ile iliyomhifadhi Kawawa: njia ya cheo. Kijana wa huko anayeigiza sauti za wazee na kuwavunja watu mbavu hucheza kwao, na kwao hutunzwa kwa kicheko. Lakini ili atunzwe na taifa, ni lazima kwanza apatikane mwenye kamera. Kisha picha ihaririwe, ipelekwe bodini, iingizwe shindanoni. Kila hatua ina gharama yake, na vyombo vingi vya kazi hiyo viko Dar es Salaam.

Yupo atakayejibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi hupita mbele ya bidhaa na kuigusa. Pasipopita mtu, chema na kibaya hulala ghala moja. Kwa msafiri wa Kibaoni, Mbeya hupatikana kwa kupita Sumbawanga na Tunduma, na safari hiyo ni fupi kuliko ya Dar es Salaam. Kupeleka sherehe Mbeya kulikuwa hatua ya haki, lakini kuhamisha jukwaa si sawa na kuhamisha jicho. Lori la mwaka 1935 lilipeleka picha vijijini likarudi tupu. Kinachongojewa ni safari ya pili, ya kwenda vijijini kuzichukua hadithi na kurudi nazo pamoja na majina ya wenyewe.

Wala ubora usishushwe kwa ajili ya huruma. Tuzo inayogawiwa kila mahali kwa zamu hugeuka posho, na mshindi wake huionea haya. Haki ya kijiji si kushinda; ni kuonekana kabla ya hukumu kutolewa. Taifa likidai kwamba limemtuza mchezaji wake bora, limekubali kwamba uwanja wake ni nchi nzima na kwamba kila mchezaji yuko kwao. Siku kibao cha washindi kitakapobeba jina lililotoka kijiji kama Kibaoni, bila cheo cha kulisindikiza, methali ya wahenga itakuwa imetimia kwa taifa kama ilivyotimia zamani kwa ngoma.