Chokaa ya Kaole na Grisi ya Kompyuta

Kaole ya kale, iliyo jirani na Bagamoyo, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Misikiti yake miwili, ambayo mmojawapo huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yake ya nguzo, ni ushahidi kwamba waashi wa pwani walijua siri moja: mawe yasiyo sawa hayashikani vema mpaka pengo lililo kati yake lijazwe. Chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe ilijaza pengo hilo. Ilipoliwa na mvua bila kutiwa upya, ukuta ulifunguka, ijapokuwa mawe yenyewe yalikuwa mazima.

Siri hiyo imerudi katika chombo ambacho waashi hao hawakukiota. ENIAC, kompyuta iliyotangazwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali karibu 18,000, ikala umeme wa kilowati 150 hivi. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilipunguza ukubwa wa mashine, lakini haikufuta joto. Leo transista mabilioni hukusanyika katika kipande chenye ukubwa wa ukucha, na joto lake hukusanyika papo hapo.

Kompyuta mpakato ya michezo ni mrithi wa historia hiyo. Juu ya kichakataji chake hukaa bamba la shaba lichukualo joto kulipeleka penye pangaboi. Nyuso hizo mbili huonekana laini, kumbe zina vishimo visivyoonekana kwa macho, na humo hewa hujificha. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Kwa hiyo kati ya nyuso hizo hupakwa grisi ya kupitishia joto. Miaka ipitapo grisi hukauka, hewa ikarejea. Kichakataji kikaribiapo nyuzi 100 hujipunguzia mwendo, au mashine huzimika. Wakati wa kaskazi, hewa ya Kaole ipitapo nyuzi 30, taabu huzidi.

Tiba yake si ghali. Mashine huzimwa, betri hutenganishwa, vumbi hupanguswa, grisi kuukuu husafishwa kwa spiriti, na mpya hutiwa kiasi cha punje ya mchele. Grisi ikizidi haisaidii; tabaka nene hugeuka kizuizi.

Tanzania ilijifunza kwa gharama kubwa thamani ya maarifa ya namna hii. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Mashine zilikuwako, wajuzi wa kuzisimamia walikuwa haba. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, wala hasara ya kutojua haijakwisha. Kompyuta izimikayo kwa joto huweza kuitwa mfu, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na mwenyewe akaingia deni la kununua nyingine, ilhali kilichokufa ni utando mwembamba wa grisi. Mwashi mwema habomoi ukuta mzima kwa sababu ya chokaa iliyoliwa. Hukwangua ya zamani, akatia mpya.