Malale na Mpangilio wa Usingizi katika Ubongo

Malale ni ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya tripanosoma, vinavyoenezwa na mbung'o. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani ulianzisha kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama, Kisiba, katika Wilaya ya Bukoba ya wakati huo. Dawa iliyotumika enzi hizo, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Mtu akiwa macho, seli za neva za tabaka la juu la ubongo hufanya kazi kila moja kwa wakati wake. Katika usingizi mzito, seli nyingi hunyamaza kwa pamoja na kuamka kwa pamoja, takriban mara moja kila sekunde. Vimelea vikiingia kwenye ubongo huvuruga zamu za kulala na kukesha. Licha ya jina la ugonjwa, mgonjwa halali saa nyingi zaidi kwa siku. Husinzia mchana na kukesha usiku.

Dalili hizo huchelewa. Homa hutangulia, nayo hufanana na ya malaria. Wakazi wa Muleba na wilaya jirani walioumwa na mbung'o porini, kisha wakapata homa, wanashauriwa kumweleza mganga jambo hilo ili damu ipimwe vimelea vyote viwili.