Mashine ya Kusaga, Makontena ya Luviro na Seva za Dublin

Popote panaposagwa kwa mazutu, ikiwemo Kirumba ya Lubero, mashariki mwa Kongo, mwenye mashine hawashi mota kwa bakuli moja la mihogo. Husubiri magunia yakusanyike. Mteja ana haraka yake, ila anajua kwamba ile bei nafuu imetokana na kungoja.

Mtunzi wa programu wa Butembo anayekodi seva za Amazon huko Dublin naye ana magunia yake: picha za kupunguzwa, video za kubadilishwa muundo, ripoti za mwisho wa mwezi. Hesabu yake lakini imegeuka. Msagaji hugharimika anapowasha. Mwenye seva hugharimika anaposahau kuzima. Mota ikizunguka bure, mtaa mzima unaisikia. Seva ya Dublin haina kelele, na mwenyewe huja kuijua kwenye ankara.

Luviro, katika Lubero hiyohiyo yenye Kirumba, kuna njia ya tatu. Hifadhi ya Virunga ilijenga huko kituo cha umeme wa maji, na mwaka 2020 ikaanza kuchimba bitcoin kwa kompyuta zilizopangwa ndani ya makontena. Umeme ulikuwapo kabla ya wateja wa kutosha kuunganishwa, na maji yaliyopita bila kuzungusha mtambo hayarudi. Msagaji huyaleta mafuta penye kazi. Luviro, kazi ndiyo iliyoufuata umeme.

Amazon pia huuza kinachobaki, tangu mwaka 2009. Seva zisizo na mpangaji hukodishwa kwa punguzo linaloweza kufika asilimia 90, kwa sharti kwamba Amazon ikizihitaji, unapewa dakika 2 za kuondoka. Hapa ndipo kazi zinapotofautiana kweli. Gunia likikatizwa katikati, nusu iliyosagwa ni unga tayari. Bitcoin nayo hutafutwa kwa majaribio yanayojitegemea, kwa hiyo umeme ukikatika hapapotei kitu kikubwa. Video ndefu iliyokatizwa karibu na mwisho huanza upya na kulipiwa upya, isipokuwa ilikatwa vipande na kila kipande kikahifadhiwa kilipokamilika.

Wengi huanza kwa kutafuta bei ya chini. Naona wanaanzia mwisho. Wewe unayeandika programu Butembo au Beni, gawa kwanza kazi yako iweze kukatika bila hasara, weka na saa ya kuzima seva. Ndipo ukaombe punguzo.