Husuni ya Pujini na Jina la Mwenyewe

Atokaye Tanga kwa jahazi kwenda mashariki hufika Pemba. Naye akivuka kisiwa hata ng'ambo ya pili, kusini-mashariki ya Chake Chake, ataona huko Pujini magofu ya husuni iliyojengwa katika karne ya 15.

Kwa nje ni boma la vita, lenye tuta na kuta. Bali ndani yalikuwa makao ya mtu mkubwa. Mna majengo ya mawe, na chumba cha chini ya ardhi chenye mfano wa siwa uliofanyizwa kwa chokaa ukutani. Na siwa, kama tujuavyo, ni baragumu ya enzi. Mfereji ulichimbwa ili vyombo vya bahari vifike karibu. Kisima nacho kimegawanywa kwa ukuta. Wenyeji husema bwana wa husuni alikuwa na wake wawili wenye wivu: mmoja akiteka kwa kamba, mwenziwe akishuka kwa ngazi, wasipate kuonana. Kumbe boma lililozuia adui halikuzuia ugomvi wa nyumbani!

Bwana huyo huitwa Mkama Ndume. Mkama ni akamaye maziwa. Ndume ni wanaume. Maana yake, aliwakama watu kama ng'ombe. Yasimuliwa kwamba aliwalazimisha kuchukua mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Jina lake hasa lasemwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman. Lakini hili la pili, nadhani, alipewa na wachukuzi wa mawe, nalo ndilo lililodumu.