Mazungumzo ya Kutungwa katika Mafunzo ya Dini: Mpaka Wake ni Upi?

 

Tulipotembelea madrasa za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mzazi mmoja alitueleza kwamba mwanawe alirudi nyumbani akasema, "Mtume kasema hivi." Kumbe yale yalikuwa maneno ya utenzi. Akatuuliza: "Sheikh, huu si uongo?" Swali hili linatuhusu na sisi wa visiwani, maana tenzi za aina hiyo ndizo tulizolelewa nazo.

Kufundisha kwa mazungumzo kuna asili ndani ya Qur-ani. Katika Surat Luqman, aya ya 13 hadi 19, baba anamuusia mwanawe, na mara tatu anamwita kwa upole. Katazo la shirki, amri ya sala, subira na kuacha kiburi, yote tunayasikia kinywani mwa mzazi.

Wanavyuoni wakaifuata njia hiyo. Imam Ghazali (aliyefariki 505H/1111M) alipoombwa nasaha na mwanafunzi wake, alimwandikia risala iitwayo Ayyuhal Walad, akizungumza naye kama baba na mwana. Hariri wa Basra (aliyefariki 516H/1122M) alitunga Maqamat, ambamo Abu Zayd, mtu wa kubuni, anawaliza watu kwa mawaidha, kisha anakutwa pangoni na nyama ya kuchoma na kileo. Funzo lake: mpime msemaji kwa vitendo vyake. Katika dibaji, Hariri alijitetea kwa kutaja hekaya za wanyama, ambazo watu hawakuzikataa, na kwamba amali huhesabiwa kwa nia.

Lakini Ibn al-Jawzi (aliyefariki 597H/1201M), mhubiri mashuhuri wa Baghdad, aliandika kitabu kizima kuhusu wasimuliaji wa visa, na kingine, al-Mawdu'at, kuhusu hadithi za uongo. Yeye mwenyewe aliishi kwa mimbari, hivyo alijua utamu wa maneno unavyoweza kumponza msemaji.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili. Kisa cha mfano kinajuzu iwapo msikilizaji anajua kuwa ni mfano na funzo lake ni la haki. Ama kumnasibishia Mtume (S.A.W.) neno asilolisema ni haramu, hadithi mutawatir imemuahidi Moto anayefanya hivyo kwa makusudi.

Chukua Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, uliochapishwa 1961. Kisa chake kimewekwa zama za Mtume, na wahusika wake wanajibizana. Hatusemi uachwe. Tunasema mwalimu atangulize: "Watoto, haya ni maneno ya mtunzi, hadithi tutaisoma na mpokezi wake." Na mzazi, mwana akikwambia "Mtume kasema", muulize kwa upole: "Nani kaipokea, mwanangu?"

Wallahu a'lam.