Kempinski, Hyatt au Kilimanjaro? Stori ya hoteli za Posta zinazobadili majina

Panda teksi Dar, mwambie dereva wa siku nyingi akupeleke Kempinski. Wala hatakuuliza. Atakushusha Kivukoni, mbele ya bandari, kwenye jengo ambalo zaidi ya miaka kumi sasa linaitwa Hyatt. Mwambie Sheraton, atakata kona mpaka mtaa wa Ohio na kukushusha Serena. Mwambie Holiday Inn, utajikuta Garden Avenue, mlangoni pa Southern Sun. Mji wetu una ramani mbili wadau: moja ya kwenye simu, nyingine ya kwenye vichwa vya watu. Hii ya pili haijawahi kukubali kufanyiwa update.

Na hapo hapo Posta ndipo mastaa wetu wanapokuja kula bata wikiendi. Majina tunayaweka kapuni, si mnawajua wenyewe. Picha ya kwanza kitanda cheupe, ya pili dirisha lenye bahari, ya tatu kifungua kinywa chenye matunda ya kupangwa. Chini yake ameandika "nyumbani". Sawa, hongera zake. Ila swali la leo si analala na nani. Swali ni hili: hiyo nyumba ni ya nani?

Wengi tunadhani jina lililo juu ya ghorofa ndiye mwenye mali. Tunaona Hyatt, tunasema "Wamarekani hao". Kumbe mara nyingi jina hilo ni mpangaji, tena mpangaji anayelipwa na mwenye nyumba. Ukishalijua hilo, historia ya hoteli za mjini inageuka kabisa.

MCHONGO ULIOANZIA KISIWANI

Mwaka 1919 jamaa mmoja wa Marekani, Conrad Hilton, alinunua hoteli yake ya kwanza, Mobley, kwenye mji mdogo wa Cisco, Texas. Alianza kama wafanyabiashara wengine wa enzi zake: unanunua jengo, unapangisha vitanda, unahesabu faida. Biashara ikikua unanunua jengo jingine. Tatizo la mfumo huo ni kwamba jengo linakula hela. Paa likivuja ni lako, lifti ikifa ni yako, na watalii wasipokuja deni la benki bado linakusubiri wewe.

Mambo yalibadilika 1949 pale San Juan, Puerto Rico. Serikali ya kisiwa kile ilitaka watalii na wawekezaji, ikajenga hoteli kwa hela yake, halafu ikamkabidhi Hilton aiendeshe. Ikaitwa Caribe Hilton. Serikali imebaki na jengo, Hilton ameleta jina, wataalamu na wateja, kisha wanagawana mapato. Kwa Hilton ile ilikuwa kama kupewa shamba lililokwisha kulimwa na kupandwa.

Kuanzia hapo mfumo ukasambaa dunia nzima, na baadaye ukawa mkataba wa uendeshaji wa moja kwa moja. Mwenye jengo anagharamia ujenzi, matengenezo, mishahara na umeme. Kampuni yenye jina inaleta meneja, mfumo wa kubuki na sheria zake: godoro liwe hivi, taulo ziwe ngapi, simu ya mapokezi ipokelewe namna gani. Kwa kazi hiyo inachukua asilimia yake kwenye mauzo, na faida ikiwa nzuri inaongezewa nyingine. Mwaka ukiwa mbaya, ile asilimia ya mauzo bado inakatwa. Mwenye jengo ndiye anayebaki anajikuna kichwa.

Usichukulie kwamba ni wizi. Jina lina thamani yake. Mgeni anayetua usiku kwenye mji asioujua anataka uhakika, na nembo anayoijua inampa uhakika huo kabla hajaiona hata sura ya mhudumu. Hilton mwenyewe alijisifu kwamba kila hoteli yake ya nje ni Marekani ndogo, na enzi zile za vita baridi aliziona kuwa jibu lake kwa Ukomunisti. Kiyoyozi na maji ya barafu navyo vilikuwa siasa.

HAVANA: NEMBO ILIPOSHUSHWA

Machi 1958 ilifunguliwa Habana Hilton, ghorofa refu katikati ya mtaa wa Vedado mjini Havana, Cuba. Hela za kuijenga zilitoka kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa hoteli na migahawa. Hebu rudia kusoma hapo. Wahudumu na wapishi ndio waliobeba jengo, Hilton alibeba jina.

Miezi kumi haijaisha, mapinduzi yakashinda. Januari 1959 Fidel Castro aliingia mjini na kuifanya hoteli ileile makao yake makuu. Alikaa miezi kadhaa kwenye chumba namba 2324, wapiganaji wenye ndevu na bunduki wakizunguka ukumbi wa mapokezi uliojengwa kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1960 serikali ikaitaifisha, nembo ikashushwa, jina jipya likawa Habana Libre, yaani Havana Huru.

Jengo halikuhama hata sentimita moja. Lifti zilezile, madirisha yaleyale. Kilichoondoka ni jina, mkataba na hela. Hilton alipata hasara ya biashara, lakini pensheni ile, jasho la miaka ya wapishi wale, ilikuwa imekwishageuka zege, na zege sasa lilikuwa mali ya serikali.

NAIROBI: TUKUTANE HILTON

Sasa rudi huku kwetu, kwa majirani. Desemba 1969 Mzee Jomo Kenyatta alifungua Hilton ya Nairobi, ule mnara wa duara unaoonekana kwenye kila picha ya zamani ya jiji lile. Mahali pake palikuwa penyewe: upande mmoja Mama Ngina Street, upande mwingine ile iliyokuja kuitwa Moi Avenue, na City Hall Way hapo hapo. Benki, ofisi za ndege na wizara vilikuwa mwendo wa miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya hoteli ya katikati ya mji miaka ile. Mgeni anatoka mlangoni asubuhi, anasaini mkataba wake, saa saba amerudi kula.

Polepole neno Hilton likatoka mikononi mwa kampuni likawa la wananchi. "Tukutane Hilton" haikumaanisha kwamba una hela ya chumba. Ilimaanisha pale nje, kwenye kona, unaposubiri matatu, unaposubiri mchumba, unaposubiri ndugu anayefika kutoka kijijini kwa mara ya kwanza. Watu wengi walikutana Hilton maisha yao yote na hawakuwahi kukanyaga zulia lake.

Tarehe 31 Desemba 2022 ikafungwa, baada ya miaka 53. Katikati ya mji palikuwa pamebadilika: foleni, parking ya kugombea, na wageni wenye hela wakihamia hoteli mpya za Westlands, Upper Hill na karibu na uwanja wa ndege. Corona ikamalizia. Jirani yake InterContinental ilikuwa imeshafunga 2020. Hilton kama kampuni haikufa hapo Kenya, bado ina hoteli zenye nembo zake nje ya katikati ya jiji. Imehama tu, kama mpangaji yeyote anayeona mtaa umechoka.

Na mwenye nyumba? Jengo lilikuwa la kampuni inayoitwa International House, na serikali ya Kenya ina zaidi ya asilimia 40 ya hisa zake. Kwa hiyo jina lilipoondoka, mwananchi wa Kenya kupitia serikali yake ndiye aliyebaki na sehemu ya mnara mtupu. Wafanyakazi nao, wengine wamezeekea humo, wakabaki na barua mkononi.

TURUDI POSTA

Kivukoni kwetu stori ni ileile kwa mapishi ya Kibongo. Kilimanjaro Hotel ilifunguliwa 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano, kazi ya wasanifu wa Kiisraeli. Taifa changa lilihitaji mahali pa kumlaza mgeni wa Rais bila aibu, likapata. Ikulu haiko mbali, kanisa la Azania Front liko jirani, na meli zinapita mbele ya dirisha.

Kumbuka Dar ya wakati ule ilikuwa kitu kingine. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963, na wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa wamejaa mjini. Hoteli kama Kilimanjaro na New Africa zikawa vijiwe vya waandishi, wanadiplomasia, wanaharakati na majasusi, kila mtu akinywa bia yake taratibu huku sikio liko meza ya jirani. Hiyo New Africa nayo ina ukoo wake mrefu: Wajerumani waliianza kama Kaiserhof, Waingereza walipoishika nchi jina la Kaiser likawa halina kazi tena. Unaona? Tabia ya kubadili jina hatukuianza sisi.

Kwa miaka mingi Kilimanjaro ilikuwa chini ya mashirika ya umma. Halafu yakaja yale tunayoyajua: watalii wachache, hela za matengenezo hakuna, rangi inabanduka. Miaka ya mwanzo ya 2000 serikali ikaiuza kwa mwekezaji, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na 2005 ikafunguliwa upya kwa nembo ya Kempinski. Baadaye Kempinski wakaondoka, wakaja Hyatt. Ila ukisoma jina lake kamili utaona The Kilimanjaro bado ipo mkiani. Wanaoendesha wamebadilika, lakini hakuna aliyethubutu kulifuta lile la 1965.

Mtaa wa Ohio, Sheraton ya miaka ya 90 ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick, ikawa Serena. Jengo moja, majina manne, na halijafika hata umri wa kustaafu.

SASA WEWE UNALIPIA NINI?

Ukilipa usiku mmoja Posta unalipia vitu vitatu vilivyofungwa kwenye bili moja. Kuna jina, ambalo ni la kampuni na linaweza kuondoka kesho pamoja na zile pointi zako ulizokuwa unakusanya. Kuna jengo, ambalo ni la mwekezaji, au serikali, au mfuko wa watu fulani. Halafu kuna mahali: bandari, feri ya Kigamboni, kengele ya kanisa, harufu ya bahari saa kumi na mbili asubuhi. Hicho cha tatu ndicho kinachofanya chumba kiwe ghali, na ndicho pekee ambacho hakuna aliyekijenga wala anayeweza kukihamisha. Ni cha mji.

Ndiyo maana habari ya hoteli kubwa kubadili jina isikupite kama habari ya staa kubadili mpenzi. Nembo ikishuka, uliza maswali ya kikubwa. Jengo linabaki kwa nani? Kama kuna hisa za umma humo, zinaleta kiasi gani na zinasimamiwa na nani? Wahudumu waliokuwepo wanaendelea na ajira zao, au wanaanza upya na mkataba mpya wakati miaka yao ya kazi imepotea? Cuba ilikuwa pensheni ya wapishi. Nairobi ilikuwa hisa za serikali. Nembo zilihama salama, waliobaki na jengo ndio waliobaki na mzigo.

Kwa hiyo staa wetu aendelee tu kupost dirisha lake, bahari ile ni nzuri kweli. Na wewe ukipita Kivukoni jioni huna hata mia ya chumba, usijione mgeni. Nembo zote zile zilikuja zikaondoka. Jina ambalo limebaki ukutani tangu 1965 ni la mlima wetu.

Haya wadau, nyumbani kwenu mnaiitaje: Kilimanjaro, Kempinski au Hyatt? Jibu lako linataja umri wako, usijifiche.